Kakwambia Nani? Shajara ya muhula mmoja wa kusoma kwa kuhoji

Ninafundisha Kiswahili Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa hapa kisiwani Mombasa. Darasa lina wanafunzi 52, feni mbili, na vitabu vya serikali ambavyo kila kimoja kinasomwa na watu wawili. Muhula huu wa pili wa 2025 nimetenga vipindi viwili vya mfululizo vya kila Jumanne, dakika 80, kwa kazi moja: kusoma maandishi yasiyo ya kubuni, yaani makala, taarifa, matangazo na kurasa za historia, polepole na kwa kuyahoji. Riwaya wanazisoma vizuri, hata wahusika wanawasuta. Wakipewa makala ya ukweli wanainamisha vichwa kama wako mbele ya kadhi. Naandika kila hatua ikiisha, ili mwalimu mwingine akitaka kuiga asijikwae nilipojikwaa mimi.

6 Mei. Kipimo cha kwanza, na manjano kila mahali

Niliandika mwenyewe kifungu cha kurasa mbili kuhusu Fort Jesus, ngome ya kale ya hapa Mombasa. Mengi ndani yake ni kweli: Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, ramani ilichorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Ila nilitega mtego. Aya ya tatu inasema Waomani waliizingira ngome kwa miezi miwili. Aya ya tano inasema walianza kuizingira Machi 1696 na ikaanguka Disemba 1698. Hesabu hiyo haihitaji hata karatasi.

Swali la tatu liliuliza ngome ilizingirwa kwa muda gani. Jibu likarudi lile lile, safu hadi safu: miezi miwili. Kuna mvulana ambaye kila asubuhi akija shuleni anapita chini ya kuta za ngome hiyo. Miezi miwili.

Nilipowaonyesha aya mbili zile pamoja, darasa likacheka, kisha msichana wa safu ya dirishani akasema neno lililonifanya niandike shajara hii: "Mimi niliona, Mwalimu. Lakini nikadhani ni mimi niliyekosea."

Kosa langu la siku: nilinunua kalamu 14 za manjano, zile za kukoleza maandishi, KSh 60 moja, jumla 840. Niliwaambia wapake yaliyo muhimu. Wakapaka yote. Kuna kurasa zilirudi manjano juu hadi chini, kama zimeangukia mchuzi wa bizari. Kupaka rangi hakumlazimishi mtu kuamua lolote. Kalamu zimo kabatini, na zikae humo humo. Fotokopi, kurasa mbili kwa kila mwanafunzi kwa KSh 5 ukurasa, zilikula 520.

13 Mei. Pambizo ya kuazima

Kusoma kwa makini kunataka mkono uandike, na kitabu cha serikali hakiandikwi. Suluhisho: vipande vya karatasi vyenye upana wa vidole vitatu, vilivyokatwa kutoka mitihani ya zamani, vinavyolazwa kando ya ukurasa. Mwanafunzi anaandika alama kwenye kipande mkabala na mstari unaohusika. Kipindi kikiisha anatoka nacho, kitabu kinabaki safi.

Sikukumbuka feni. Dakika ya tano vipande vilikuwa vinaruka kama kumbikumbi, na kuzima feni mwezi wa Mei hapa Mombasa ni kuomba wanafunzi wasinzie. Nikatumia vibanio vya nguo, dazeni tatu kwa KSh 180. Kila kundi linapata viwili na ziada ipo.

Jambo la pili: nilianza na alama nane nilizozikopa kwenye semina moja. Walitumia muda kuuliza tofauti ya nyota na mshale kuliko kusoma. Nimebakisha tatu. Kiulizo: sielewi. Mshangao: hili sikulitarajia. Mstari: hapa ndipo ilipo hoja. (Ya nne ilikuja baadaye, na wao ndio walioileta.)

20 Mei. Makundi ya wanne

Nilijaribu mbinu ya kufundishana kwa zamu, ile iliyochunguzwa na Annemarie Palincsar na Ann Brown nchini Marekani mwaka 1984. Wasomaji wanne, kazi nne: mmoja anabashiri kitakachofuata, mmoja anauliza, mmoja anafafanua magumu, mmoja anafupisha. Wanafunzi 52 wanatoa makundi 13 kamili, na fotokopi moja kwa kila kundi ni KSh 65 tu kwa kipindi.

Kosa: niligawa kazi mara moja kwa kipindi kizima. Kazi zikageuka vyeo. Mfupishaji akaachiwa mzigo wote, mbashiri akamaliza shughuli yake mstari wa kwanza, akaanza kupiga soga za mpira. Naibu wa mwalimu mkuu alikuja mlangoni mara mbili kuuliza kama kuna mwalimu humu ndani.

Tiba ni mbili. Kazi zinazunguka kila aya. Na kila kundi lina penseli moja tu: aliye na penseli ndiye mwenye zamu. Kelele hazikuisha, lakini sasa ni kelele za aya.

27 Mei. Karatasi ya mganga

Hiki ndicho kipindi ambacho ningekirudia hata ningepewa kimoja tu.

Asubuhi nilibandua kwenye nguzo ya stima moja ya zile karatasi za waganga: mapenzi, mali iliyopotea, kesi, nguvu za kiume, vyote kwa namba moja ya simu. Nilifuta namba, nikatoa fotokopi. Sikuwapa swali lolote. Nilisema tu, "Someni."

Walimla mzima. "Maelfu wamepona, maelfu gani? Kawahesabu nani?" "Mbona jina lake halipo?" "Kama anarudisha mali iliyopotea, mbona yeye anabandika karatasi kwenye nguzo?" Mvulana mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu muhula uanze aligonga dawati: "Matokeo baada ya siku tatu! Kakwambia nani?" Darasa zima likaitikia, kakwambia nani, kakwambia nani, hadi naibu akaja tena mlangoni.

Sasa mtoto wa Mombasa hafundishwi kutoamini maneno. Kakulia kwenye baraza ambapo ukileta habari lazima useme umeitoa wapi, la sivyo unachekwa. Anajua bei ya kwanza ya soko la Marikiti si bei. Utingo akisema gari limejaa bado nafasi ya mmoja, anacheka na kupanda lingine. Ujuzi wote wa kuhoji anao, ila anauacha nje ya mlango wa darasa pamoja na kofia.

Basi nikawapa ukurasa mmoja wa makala kuhusu faida za chakula fulani, imechapwa vizuri, ina picha na vichwa vidogo. Nilitaka wairarue vilevile. Kimya. Penseli hazikusogea. Nikangoja, na kungoja ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote, maana ulimi unawasha. Mwisho yule msichana wa dirishani akasema taratibu: "Mwalimu, hapa pia wamesema 'wengi wamethibitisha'. Ni kama ya mganga."

"Ni kama ya mganga kwa kila kitu?"

Akafikiri. "La. Huyu ametaja jina lake. Lakini wengi hao hakuwataja."

Hapo ndipo alama ya nne ilipozaliwa: herufi K kwenye kipande, mkabala na dai lolote ambalo mwandishi hakusema kalitoa wapi. K ya kakwambia nani. Nilitaka kuiita "chanzo cha madai" na kuiandika hivyo ubaoni. Nikajizuia.

Kwa anayeiga: msianze na kitabu. Anzeni na maandishi ambayo darasa linayadharau tayari, kisha sogeeni hatua moja moja kuelekea yale linayoyaogopa. Wiki tatu za mwanzo nilikwenda kinyume.

3 Juni. Kauli ya kutendwa

Somo hili lilijitokeza ndani ya sarufi yetu wenyewe. Tulirudi kwenye kifungu cha Fort Jesus, aya inayosema ngome ilijengwa, ikatekwa, na kuanzia 1895 hadi 1958 ikatumiwa kama gereza. Kazi: kila kitenzi cha kutendwa kigeuzwe kiwe cha kutenda. Ukimjua mtenda, mwandike. Usipomjua, chora duara tupu.

Ikatumiwa kama gereza: Waingereza waliitumia. Duara limejazwa. Ilijengwa: Wareno waliijenga. Kundi moja likakataa. "Nahodha na mchora ramani hawakubeba matumbawe, Mwalimu. Nani alibeba?" Kifungu hakisemi. Duara likabaki tupu, na nilipoyabandika madaira yote kwenye manila ukutani, lile ndilo watu wengi zaidi walilosimama mbele yake saa ya mapumziko.

Hitilafu: kufikia mwisho wa kipindi walikuwa wanaishuku kila *-wa* waliyokutana nayo. Mmoja aliandika K kando ya "alizaliwa". Ikabidi kuongeza sharti: chora duara pale tu ambapo kuna aliyepata au aliyepoteza. Sharti hilo si la kisarufi kabisa, na mkuu wa idara alinikunjia uso, lakini linafanya kazi.

10 Juni. Kosa langu kubwa

Nilileta vifungu vitatu vifupi kwenye ukurasa mmoja kuhusu feri ya Mtongwe, iliyozama hapa Kilindini tarehe 29 Aprili 1994. Kimoja kinasema watu 272 walikufa. Kingine, "zaidi ya watu 200". Cha tatu, "mamia ya abiria". Nilitaka waone kwamba vyote vitatu ni kweli na bado havisemi kitu kimoja.

Mwanzo ulikuwa mzuri kupita nilivyopanga. Kundi la nyuma likagundua jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliona nilipoandaa: "feri ilizama" ni kauli ya kutenda. Mtenda yupo, ni feri. Hakuna duara la kuchora. Na bado hakuna mtu ndani ya sentensi. Kanuni yangu ya wiki iliyopita ikawa imefika mwisho wake. Wakalinganisha na kifungu cha pili, kinachosema feri iliyotakiwa kubeba watu 300 ilikuwa na takriban 400. Hapo sentensi ina sababu ndani yake, na sababu ina wenyewe.

Nilikuwa nimegeuka kuandika hilo ubaoni niliposikia kiti. Msichana mmoja alitoka bila kuomba ruhusa. Rafiki yake akasema kwa sauti ya chini, "Babu yake alikuwamo, Mwalimu."

Mimi ni mzaliwa wa hapa. Ningepaswa kujua kwamba katika darasa lolote la Mombasa, namba 272 inaweza kuwa na jina ndani yake. Nilisimamisha kipindi, nikamfuata, tukaketi chini ya mwarobaini hadi kengele. Sikumwambia lolote la maana.

17 Juni. Marekebisho

Nilibadilisha utaratibu. Maandishi ya wiki inayofuata yanabandikwa mlangoni Ijumaa, mada tu, na kuna kifungu mbadala cha urefu uleule kwa yeyote asiyetaka, bila kuulizwa kwa nini. Hakigharimu kitu: nakala mbili tatu za zamani zinatosha.

Msichana yule alirudi na ujumbe kutoka nyumbani. "Nyanya amesema wasome. Lakini wasikimbilie hesabu." Tukavisoma upya, yeye mwenyewe akisoma kwa sauti, na safari hii swali la kwanza halikuwa namba ipi ni sahihi bali kila mwandishi alitaka msomaji asimame wapi: karibu na watu, au mbali nao. Ni swali bora kuliko nililoandaa mimi.

1 Julai. Pembe za Moi Avenue

Hatua ya kutoka nje ya maandishi. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwatazama watu mbalimbali wakitathmini kurasa za intaneti, na kuonyesha mwaka 2017 kwamba wahakiki wa habari wazoefu hawakai kwenye ukurasa wakiuchungulia. Wanautoka upesi, wanafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini kuhusu mwandishi yule na dai lile. Wanahistoria na wanafunzi walibaki pale pale, wakadanganywa na sura nzuri. Nimeita mbinu hii kuuliza majirani.

Maabara yetu ya kompyuta ina mashine 12, tisa zinawaka. Intaneti ilikataa, nikawasha ya simu yangu, bando la KSh 250.

Niliwapa madai mawili yanayozunguka kuhusu zile sanamu kubwa za pembe za ndovu zilizo juu ya barabara ya Moi Avenue hapa mjini. La kwanza: zilijengwa kwa heshima ya ziara ya Malkia Elizabeth mjini Mombasa mwaka 1952. La pili: zinahusu ziara ya Binti Mfalme Margaret mwaka 1956.

Walikwenda mbio na dai la kwanza. Baada ya dakika kumi kundi moja likatangaza ushindi: wamepata kurasa tano zinazosema 1952. Tano kwa moja! Nikawaomba wazisome zote tano kwa sauti. Sentensi ilikuwa moja, neno kwa neno, hadi kosa la herufi.

Mvulana anayesoma madrasa jioni akainua mkono. "Hao si watano, Mwalimu. Isnadi yao ni moja. Wote wamepokea kwa mtu mmoja, na huyo mtu hatumjui."

Nimefundisha miaka mingi, na sikuwahi kufikiri kuiunganisha elimu ya jioni na ya asubuhi namna hiyo. Nusu ya darasa wanajua tangu utotoni kwamba habari inapimwa kwa msururu wa walioipokea: nani alimsikia nani, na kama waliwahi kukutana. Waliobaki walieleweshwa na wenzao kwa dakika mbili. Kuanzia hapo hawakuhesabu tena kurasa, walihesabu njia.

Kisha wakageukia tarehe. Mfalme George wa Sita alifariki tarehe 6 Februari 1952, na wakati huo bintiye Elizabeth alikuwa Kenya, upande wa Nyeri. Mpango ulikuwa apande meli hapa Mombasa kuendelea na safari. Badala yake aliondoka kwa ndege kupitia Entebbe kurudi London. Kwa hiyo ziara ya Malkia hapa Mombasa mwaka 1952 haikuwapo. Je, dai ni uongo? Walibishana vikali. Msichana wa dirishani akasema neno lenye kosa ni "ziara": mji unaweza kujiandaa kwa mgeni asiyefika. Mwingine akaongeza kwamba aliyekuwa anatarajiwa alikuwa bado si malkia. Mwingine tena akagonga mahali ambapo sikutarajia: ukurasa mmoja unasema pembe "zilisimamishwa Moi Avenue mwaka 1952", na mwaka huo barabara iliitwa Kilindini Road. "Huyu anaandika kutoka leo, Mwalimu, hakuwapo."

Hatukumaliza. Ripoti yao ya mwisho ina sehemu tatu: tunayoweza kuyasema, tusiyoweza, na tungemuuliza nani. Hiyo ya tatu ndiyo ndefu.

15 Julai. Mtihani unalipiza

Mtihani wa muhula. Katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ufahamu una alama 15 kati ya 80 za karatasi ya pili, na ufupisho 15 nyingine, kwa hiyo haya si mchezo. Kifungu kilihusu athari za taka za plastiki baharini. Swali: "Taja athari mbili za taka kwa mujibu wa kifungu." Mmoja wa wanafunzi wangu bora, yule wa isnadi, aliandika: "Mwandishi ametaja athari mbili lakini hakutoa ushahidi wa yoyote." Mwalimu aliyesahihisha akampa sufuri, na ana haki. Wengine walichelewa kwa sababu ya kuandika K nyingi kuliko majibu.

Nilikasirika usiku mmoja, asubuhi nikaona ni kosa langu. Niliwafundisha kumhoji shahidi, sikuwafundisha kwanza kurudia alichosema. Hata kwenye baraza huwezi kumpinga mtu ambaye hukumsikiliza hadi mwisho.

Marekebisho: kila kifungu sasa kinasomwa mara mbili. Mara ya kwanza penseli iko chini na kazi ni kusema anachosema mwandishi, kwa namna ambayo yeye mwenyewe angekubali. Mara ya pili ndipo K na madaira. Na maneno "kwa mujibu wa kifungu" yana maana moja tu: funga mdomo wako, fungua wake. Tumefanya mazoezi matatu ya haraka, dakika 15 kila moja. Yule mvulana alisema kwa masikitiko, "Kwa hiyo natakiwa kumripoti mtu nisiyemwamini." Nikamwambia ndiyo, tena bila kumwongezea chumvi.

22 Julai. Hesabu ya pesa, na yaliyobaki

Zote zimetoka mfukoni mwangu: kalamu za manjano 840, fotokopi ya siku ya kwanza 520, vibanio 180, manila nne 120, bando 250, na fotokopi za makundi kwa vipindi sita, KSh 65 kila kimoja, 390. Jumla KSh 2,300. Anayeiga aache kalamu, na siku ya kwanza atumie nakala moja ya ukurasa mmoja kwa kila kundi. Itamgharimu KSh 1,005.

Mtego wa kwanza nimeutega tena jana, kifungu kipya kuhusu reli, aya ya pili na ya nne zikipingana. Wengi waliuona. Saba hawakuuona, na watano kati yao ni wale ambao kusoma kwenyewe bado kunawatoa jasho: wakifika aya ya nne, ya pili imeshawatoka. Kwao K haisaidii kitu. Muhula wa tatu nitaketi nao pembeni siku za Alhamisi, aya moja kwa kipindi, kwa sauti. Vibanio ninavyo. Natafuta feni inayozungushwa taratibu.